Daftari la Harusi ya Binti Gunarso

Wakili wa Pak Gunarso aliingia mahakamani amelikumbatia daftari kama mama anayetoka leba na kichanga chake. Lilikuwa nene, jalada lake limevishwa kitambaa cha batiki ya kahawia, na lilinukia dawa ya nondo. Akaliweka mbele ya jaji taratibu, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Mheshimiwa, wapelelezi wanauliza mteja wangu alipata wapi fedha za kununua kinu cha mpunga, malori matatu na nyumba mbili. Jibu ni hili hapa. Alimwoza binti yake, watu wakamtunza. Watu mia nne na kumi na wawili, rupia bilioni sita na ushei. Kila jina limo."

Nastiti alikuwa ameketi nyuma ya mwendesha mashtaka, taarifa za benki zimemjaa mapajani. Cheko lilimpanda hadi kooni. Kisha akamtazama jaji, likarudi lilikotoka.

Jaji Marsudi hakuwa anacheka hata kidogo. Alikuwa baba wa mabinti wanne, na kabatini kwake kulikuwa na madaftari manne kama lile. Katika wilaya yao mtu aweza kupoteza hati ya nyumba na akalala usingizi, lakini daftari la harusi halipotezwi. Humo huandikwa nani kaleta nini: huyu elfu hamsini, yule kilo tano za mchele, mwingine jogoo. Kila bahasha hutangazwa kwa kipaza sauti, kijiji kizima kisikie. Siku mtu huyo naye akiwa na shughuli, unafungua daftari, unamrudishia kama alivyokuletea au kwa kuzidisha kidogo. Hakuna risiti, hakuna benki, na wala hakuna anayethubutu kujifanya kasahau.

Jaji akafunua kurasa mbili tatu, akakuna kidevu.

"Upande wa mashtaka nawapa siku kumi na nne," alisema. "Mkishindwa kuonyesha kwamba daftari hili si la kweli, nitaondoa zuio, na mali zitarudi kwa mwenyewe."

Pak Gunarso, aliyekuwa nje kwa dhamana, alitoka akiwapa watu mikono kama aliyeshinda uchaguzi.

Nastiti alikuwa mpelelezi wa fedha katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya, na kazi hii alikuwa ameikalia miaka miwili. Katikati ya miaka hiyo alijifungua mtoto, akarudi kazini, akaendelea na ukurasa uleule. Pak Gunarso alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa kuweka na kukopa wa kijiji cha Kedungwaru. Wanachama wake walikuwa wauza mboga, vibarua wa mashamba ya mpunga na akina mama wa sokoni. Jumatatu moja walikuta mlango wa ushirika umefungwa kwa mnyororo na sefu imebaki na panya mmoja, naye amekonda. Nastiti aliziona fedha zikitoka benki kwa mabunda, milioni mia mbili leo, mia tatu wiki ijayo, zote kwa saini ya mwenyekiti. Kisha kiza. Miezi minne baadaye kinu kikanunuliwa kwa fedha taslimu. Kati ya benki na kinu palikuwa na pengo, na sasa Pak Gunarso alikuwa amelijaza pengo hilo kwa harusi.

"Kinu kikirudi mikononi mwake atakiuza siku hiyohiyo," alisema Pak Hardiman, mkuu wake, akitafuna kamba wa kukaangwa. "Na wale akina mama akiba zao ndiyo basi tena. Tafuta njia, Nastiti."

"Natafuta, Pak."

"Tafuta kwa haraka kidogo."

Akatafuta. Alikwenda kwa mwenye kukodisha viti, akaambiwa siku ya harusi vilikodiwa viti mia mbili tu. Wakili akajibu kwamba wageni hula wakaondoka wakaja wengine, nani alikwambia watu mia nne hukaa kwa pamoja? Akapiga hesabu ya noti: bilioni sita kwa noti za laki moja ni noti elfu sitini, na kasha la kudumbukizia bahasha, lenye umbo la nyumba, lisingebeba hata robo yake. Wakili akajibu kwamba kasha lilikuwa likimiminwa kila baada ya saa. Akagundua majina mawili ya watu waliokufa kabla ya harusi. Wakili akainamisha kichwa kwa huzuni, akasema watoto wao wametunza kwa jina la marehemu, na thawabu ziwafikie huko waliko.

"Amina," alisema Pak Hardiman alipolisoma jibu lile, akakaribia kupaliwa na kamba wake.

Zikabaki siku tisa. Jumapili hiyo yaya alikuwa amekwenda kwao, kwa hiyo Nastiti alimfunga mwanawe Banyu ubavuni kwa mbeleko, akaomba lifti ya pikipiki kwa mumewe, akaenda Kedungwaru na nakala ya daftari ndani ya mkoba wa nepi.

Kila aliyeulizwa alijibu sawa na mwenzake, kama watoto wa darasa moja.

"Ndiyo, nilimtunza," alisema Mbah Paimo, mzee mbeba mizigo wa sokoni, ambaye daftarini alikuwa na milioni thelathini.

"Ulizitoa wapi, Mbah?"

"Nilidunduliza."

"Kwa muda gani?"

"Tangu ujana."

"Mbona baiskeli yako haina hata breki?"

"Nilikuwa nadunduliza, binti. Breki ningenunulia nini?"

Nastiti akaandika. Mkono ulimuuma, na moyo pia. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Mbah Tukinem, bibi mwembamba mwenye meno matatu na sauti ya watu sita. Alikuwa kibarazani akifunga tempe, maharage ya soya yaliyovundikwa, kila fungu ndani ya jani la mgomba. Fungu moja aliuza rupia elfu mbili. Daftarini alikuwa na milioni hamsini.

"Karibu, karibu. Huyo nani kanivimbishia mashavu hivyo? Mlete hapa. Weee, mzito! Mama yako anakulisha mawe?"

Banyu, ambaye huwalilia hata shangazi zake, alitulia mapajani mwa bibi akaanza kuchokoa soya. Chai ikaja, nyeusi na tamu hadi meno yakauma.

"Mbah, samahani, nimekuja kwa ajili ya..."

"Najua umekuja kwa ajili gani. Nilimtunza. Milioni hamsini. Andika."

"Mbah. Hayo ni mafungu elfu ishirini na tano ya tempe."

"Nafunga haraka."

Nastiti aliweka kalamu chini. Hakuwa na hasira. Aliona tu uchovu wa mama mwenye mtoto ambaye tangu alfajiri anadanganywa na watu wazima. Mbah Tukinem akamtazama, akatazama barabarani, akashusha sauti yake hadi ikawa ya watu wawili.

"Alikuja hapa na pikipiki. Akakaa palepale ulipokaa. Akasema, mkiulizwa semeni ndiyo. Serikali ikichukua kinu, itakila yenyewe. Nikishinda mimi, nitawarudishia akiba zenu, kidogo kidogo."

"Una akiba kiasi gani kule, Mbah?"

"Milioni kumi na nne. Tempe ya miaka kumi na tisa."

"Sisi tunaiomba mahakama mali ziuzwe, fedha wapewe wanachama. Imo kwenye maombi, naweza kukusomea."

"Serikali husema vizuri sana," alisema bibi kwa upole, akaendelea kufunga. "Wewe mtoto mzuri. Lakini Gunarso namjua, nyinyi siwajui."

Nastiti akakunja nakala ya daftari. Akaomba arudishiwe mwanawe aondoke, lakini mwanawe hakutaka kuondoka, kwa hiyo wakaingia kwenye mazungumzo ya wanawake. Mjukuu wa bibi, Larasati, alikuwa anatimiza miezi saba. Alhamisi angekanyagishwa ardhi kwa mara ya kwanza, apandishwe ngazi ya muwa, kisha aingizwe kwenye tenga la kuku lililopambwa achague kitu cha kubashiri kazi yake ya ukubwani. Banyu alichagua nini? Banyu alichagua kitana, ingawa alizaliwa na upara. Wakacheka. Mialiko imeshakwenda? Imekwenda michache, kijiji chenyewe kimeishiwa.

"Na Pak Gunarso umemwalika?"

"Mtu mkubwa yule, aje kula wali kwangu?"

"Mwalike, Mbah," alisema Nastiti, huku akimfuta mtoto maharage kidevuni. "Si daftari limeandika? Akija itabidi akurudishie milioni zako hamsini."

Mpaka leo Nastiti huapa kwamba hakuwa amepanga. Maneno yalimtoka kama yanavyotoka maneno ya kibarazani, na yeye mwenyewe aliyasikia yalipokwisha kutoka. Mkono wa Mbah Tukinem ulisimama hewani na jani la mgomba. Meno yake matatu yalitokeza moja baada ya jingine.

"Hebu," alisema bibi. "Hebu rudia."

Siku ya pili yake, simu ya Pak Hardiman iliita mara kumi kabla ya saa nne, naye akampigia Nastiti.

"Nastiti! Umefanya nini Kedungwaru? Mchapa kadi wa kule ameishiwa karatasi!"

Kijiji kilikuwa kimeshikwa na homa ya shughuli. Mmoja alikuwa anamtahiri kijana wake, aliyekuwa ameshatahiriwa mwaka juzi. Familia ilisema safari ile walifanya haraka, hawakufurahi vya kutosha. Mwingine alifanya dua ya mimba ya mkewe ya miezi saba, na mimba yenyewe ilikuwa na wiki tisa. Mbah Paimo, mjane wa miaka sabini na moja, alitangaza ndoa.

"Anamwoa nani?" aliuliza Nastiti.

"Anasema bado anatafuta, lakini tarehe ameshaweka. Ishirini na tatu, Nastiti! Shughuli ishirini na tatu kwa wiki moja, na katika zote mgeni wa heshima ni mmoja." Pak Hardiman akavuta pumzi. "Niambie kweli. Uliwafundisha?"

"Niliuliza swali moja tu, Pak. Na nimeliandika kwenye taarifa yangu, pamoja na saa."

Kisha akasikia mkuu wake akitafuna.

"Liandike kwa mwandiko mzuri," alisema.

Alhamisi Nastiti alikwenda kwa Mbah Tukinem kama mgeni, kwa ruhusa, na bahasha ya elfu hamsini. Alikaa nyuma na Banyu mapajani. Larasati alikanyaga ardhi, akapanda ngazi ya muwa, akaingia tengani na kuchagua manyoya ya kuku ambayo hakuna aliyeyaweka. Watu walikuwa bado wanabishana hiyo ni kazi gani wakati gari la Pak Gunarso liliposimama.

Ilimbidi aje. Mtu wa hadhi yake kutokwenda alikoalikwa, tena na watu ambao daftari lake mwenyewe linasema walimtunza kama mfalme, angewaambia nini watu? Na angemwambia nini jaji? Alikuja na shati la hariri na tabasamu pana, akadumbukiza bahasha kashani. Msoma bahasha akaifungua, akasogeza kipaza sauti.

"Pak Gunarso, mwenyekiti wetu wa zamani. Rupia... elfu hamsini!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mbah Tukinem akanyanyuka, akachukua kipaza sauti, jambo ambalo mwenye shughuli hafanyi katu.

"Ahsante sana, mwanangu Gunarso. Mungu akuzidishie. Bado milioni arobaini na tisa, laki tisa na elfu hamsini. Nitakaa hapahapa, usihangaike."

Tabasamu la Pak Gunarso lilibaki mahali pake, ila macho yaliondoka. Alimwinamia bibi, akanong'ona, akasahau kwamba kipaza sauti kinawaka.

"Mbah, si tulishaelewana?"

Na sauti yake ikazunguka mashamba yote: si tulishaelewana, elewana, elewana.

"Tulielewana kwamba nilikutunza," alijibu Mbah Tukinem. "Na daftari ni lako, si langu. Kesho una shughuli kwa Paimo, usichelewe."

Siku ya kusikilizwa, mahakama ilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Pak Gunarso alikuwa amepungua. Kwa wiki nzima alikuwa amekula wali wa manjano nyumba hadi nyumba, na kila alikokula alisomewa baki lake hadharani. Alipojaribu kujifungia ndani, walimfuata na vyungu.

Mwendesha mashtaka alimwita Mbah Tukinem. Msahafu ukainuliwa juu ya kichwa chake akaapa. Kudanganya kibarazani ni jambo moja, na kudanganya chini ya Msahafu ni jambo jingine. Lakini akisema kweli, na serikali isirudishe kitu, je? Milioni kumi na nne zilikuwa zimesimama naye pale kizimbani.

"Mama," alisema Jaji Marsudi kwa adabu, "siku ya harusi ulimtunza Pak Gunarso rupia milioni hamsini?"

Mbah Tukinem alirekebisha kitambaa chake kichwani.

"Mheshimiwa jaji, mimi mzee, kumbukumbu zangu zinapwaya. Lakini mwenye nyumba hasahau alicholetewa, hilo hata wewe unalijua. Namwomba Gunarso aseme yeye, mbele yenu wote, nilimletea nini. Akisema hamsini, nitaomba anirudishie leo hii, maana mjukuu wangu ameshakanyaga ardhi."

"Leo hii!" ilisema sauti dirishani.

"Na mimi leo hii!" alisema Mbah Paimo, ambaye alikuwa amevaa kofia ya bwana harusi.

Wakili alimshika mteja wake mkono, lakini alichelewa. Wiki nzima ya kudaiwa ilikuwa imempanda Pak Gunarso kifuani, nayo ilikuwa ya kudaiwa kitu ambacho hakuletewa. Kwa mwenye daftari hakuna tusi linalozidi hilo. Aliruka kutoka kitini.

"Hamsini wapi, Tukinem! Hamsini ipi! Uliniletea elfu ishirini na tano na kilo mbili za mchele, tena wa kuvunjika! Na ukala sahani tatu!"

"Mbili," alisema Mbah Tukinem. "Ya tatu ilikuwa ya binti yangu."

"Karani," alisema jaji, "andika."

"Na wewe, Paimo! Unanidai milioni thelathini! Uliniletea kuku mwenye jicho moja!"

"Alikuwa anataga," alisema Mbah Paimo kwa uchungu.

"Na yule dirishani, aliniletea sabuni! Na mkewe hakuleta kitu, alikuja na bahasha tupu, nilijua, nilinyamaza kwa heshima tu!"

Wakili alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Kila mtu aliyesimama, Pak Gunarso alimtajia alicholeta: elfu kumi, mkungu wa ndizi, elfu ishirini, nazi nne. Hakukosea hata mara moja. Lile daftari la kweli ambalo Nastiti alilitafuta nyumba kwa nyumba lilikuwa kichwani mwa mtu huyu siku zote, na sasa alilisoma lote kwa sauti, jina baada ya jina, huku karani akiandika hadi wino ukamwishia akaazimwa kalamu na mwendesha mashtaka. Banyu, aliyekuwa mlangoni mikononi mwa baba yake, alipiga makofi.

Pak Gunarso alipofika mtu wa thelathini na saba, alisikia kalamu ya karani ikikwaruza karatasi. Akalitazama lile jalada la batiki mezani. Akakaa.

"Endelea tu, Pak," alisema Jaji Marsudi. "Mpaka sasa nina laki tisa, kuku wawili na sabuni. Tulikuwa tunatafuta bilioni sita."

Baada ya hapo Mbah Tukinem alisimama tena bila kuitwa, akaeleza yote: pikipiki, kibaraza, ahadi. Alisema kweli yote kwa sauti ya watu sita, akaomba radhi kwa Mungu, kwa jaji, na kwa binti mwenye mtoto mzito.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Mali zote zikataifishwa, zikapigwa mnada, na fedha zikagawiwa wanachama wa ushirika. Hazikutosha kila kitu. Nyingine Pak Gunarso alikuwa ameshazila. Kila aliyeweka elfu kumi alirudishiwa elfu saba. Nastiti alilipigania lile pengo la elfu tatu hadi karatasi ya mwisho, akakubali kwa shingo upande.

Siku ya kulipwa alikwenda benki ya wilaya kuhakikisha majina. Foleni ilitoka nje hadi kwenye gari la muuza supu ya mipira ya nyama, na akina mama walikuwa wakigombana kwa furaha nani ametangulia. Mbah Tukinem alitoka kwenye dirisha la malipo na bahasha nene. Akalowesha kidole, akahesabu. Akahesabu tena. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Milioni tisa na laki nane," alisema.

"Najua ni pungufu, Mbah. Nisamehe."

"Pungufu nini, mjinga wewe? Mimi nilishazilia hizi, nikazifanyia na dua ya arobaini." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akambusu Banyu mara tatu kwa kelele. "Nanunua soya magunia manne kabla bei haijapanda. Na mashine ya kumenya maganda, mikono imechoka."

"Na zitakazobaki? Usiweke chini ya godoro, tafadhali."

"Naziweka hapahapa benki."

"Hapa? Si ulisema hawa huwajui?"

"Ndiyo maana," alisema Mbah Tukinem, akirudi zake ndani kutafuta foleni ya kufungulia akaunti. "Gunarso nilimjua tangu anatembea bila suruali."